Huku, Huku, na Huku Tena

Zeyana alikuwa na uraibu ambao mtu yeyote wa Pongwe angeapa kwamba hana. Walimu wenzake walipokuwa wakimaliza mapumziko kwa tamthilia za Kituruki na umbea wa harusi, yeye alijikunyata kwenye kona ya ofisi ya walimu, hedifoni masikioni, akitazama katuni za zamani za kuwafundisha watoto kuvuka barabara.

Si katuni za siku hizi, zenye kelele mpaka kichwa kiume. Hizi zilichorwa na watu ambao wengi wao sasa ni marehemu: rangi zimepauka, magari yana kope, trafiki ana glavu nyeupe, na barabara inapita katikati ya mji usio na takataka wala mbuzi. Alizikuta mtandaoni kwa bahati tu, moja ikamvuta kwenye nyingine, kadhaa zikiwa za nchi ambazo hata lugha zake hakuzitambua. Ukimuuliza angekwambia ni mambo ya kazi, maana yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa klabu ya usalama barabarani. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba zilimtuliza na kumtisha kwa wakati mmoja, na utamu wa namna hiyo hauachiki.

Zilimtuliza kwa sababu humo hakuna ajali isiyo na sababu. Mtoto anakosea, gari linamgonga, nyota zinamzunguka kichwani, kisha anainuka, anajikung'uta vumbi na kuanza upya, safari hii kwa kufuata kanuni. Hakuna damu. Hakuna mama anayekimbia huku khanga ikimdondoka. Mtu anayeishi kando ya barabara ya kwenda Muheza, anayelala na kuamka na honi za malori ya saruji, lazima atamani dunia kama hiyo iwepo mahali. Na zilimtisha kwa sababu katika miji ile hakukuwa na mtu mwingine. Mtoto mmoja, gari moja. Gari linangoja nyuma ya kona, macho wazi, kana kwamba limeambiwa mtoto atapita saa ngapi.

Muhula mpya ulipokaribia, upande wa kutisha ukaanza kushinda. Zeyana alikuwa amepewa uhamisho kwenda shule moja ya Tanga mjini. Mpaka hapo alikuwa akifundisha shule ile ile aliyosoma binti yake Ghadir, wa darasa la pili, na kila asubuhi walivuka barabara mkono kwa mkono, maana nyumba yao iko upande huu na shule iko upande ule. Mumewe, Mutasim, alikuwa Muheza na biashara yake ya machungwa, akirudi Ijumaa kwa Ijumaa na kuondoka Jumamosi alfajiri. Kuanzia siku ya kufungua shule, Ghadir angevuka bila mama. Zeyana alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, baada ya mimba zilizoharibika, na hakuona haya kukiri kwamba kwa hofu alikuwa akisahau hata kula.

"Wajiua bure kabla ya siku zako," Bibi Mastura alimwambia. "Mtoto huyu avuka vizuri kuliko wewe. Mimi nimemfundisha."

Bibi Mastura alikuwa mama mzaa baba yake, ndiye aliyemlea Zeyana huko Tongoni tangu akiwa wa kunyonya. Sasa anakaa kwa Zeyana, umri umepita themanini, kipini bado kiko puani, na ulimi bado uko kazini. Wazee wa ukoo wao walitoka Omani, wakawa na mashamba ya minazi. Mashamba yaliuzwa zamani, ukali ukabaki.

Na kweli alimfundisha. Kila asubuhi kabla ya chai, bibi na kitukuu walisimama uani, miguu pamoja, mkono kifuani, macho wameyatoa mpaka weupe unaonekana pande zote. Kisha shingo ziligeuka kwa mkupuo. "Huku! Huku! Na huku tena!" Halafu mwendo wa magoti juu mpaka kwenye pipa la maji. Ghadir alipofanya hivyo ilichekesha. Bibi alipofanya, Zeyana aliangalia pembeni. Kwa nukta ile moja mikunjo yote ya uso ule aliyoijua ilikuwa kama imefutwa, akabaki mtu mwingine, bapa, asiye na umri. Zeyana mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo, pamoja na binamu zake wote, na aliyecheka alifinywa.

Bibi hakuona ajabu yoyote kwenye simu ya mjukuu wake. "Wa namna hiyo mimi n'limwona mwenyewe," alisema, na hadithi yake Zeyana aliijua kwa moyo. Wakati wa Mwingereza, Bibi hajavunja ungo, gari la sinema lilifika Tongoni. Kitambaa cha amerikani kikatundikwa baina ya minazi miwili, mashine ikanguruma, akatokea kijana wa kuchorwa, kofia kichwani, kaptula magotini. Hakusema neno. Mtu wa gari ndiye aliyemsemea kwa kipaza sauti. Huku, huku, na huku tena. Watoto wa Tongoni wakashikwa wazimu, kila aliyefika barabarani akawa kijana wa kuchorwa, hata pasipokuwa na gari wala dalili yake.

Haikupita muda akafa Khalifa, mdogo wake Bibi, mtoto wa miaka mitano. Lori la shamba la mkonge lilimgonga wakati wawili hao wakimpelekea baba yao chakula.

"Alisimama. Akaweka mkono kifuani. Akatazama kama alivyotazama yule," Bibi alikuwa akisema, na hapo siku zote sauti yake ilikuwa ya mtu anayebishana na hakimu. "Alifanya yote. Wallahi alifanya yote. Nami nilikuwa natazama pamoja naye. Basi lori likatoka pasipokuwa na lori."

"Sasa kama alifanya yote, ilikuwaje?" Zeyana aliwahi kuuliza akiwa msichana.

"Basi hakufanya vizuri. Aliharakisha. Mbona yule wa kwenye picha alifika ng'ambo?"

Tangu hapo Bibi alijiwekea nadhiri. Hakuna mtoto wa ukoo wao ambaye angetoka mikononi mwake bila kuijua kanuni ile mpaka kwenye mfupa.

Aliyeileta filamu hiyo Pongwe alikuwa Edgar, mpiga video wa harusi mwenye studio yake Ngamiani. Zeyana alimfahamu kwenye harusi ya binamu yake, wakaongea, akagundua kwamba babu yake Edgar, mzee Methusela, ndiye hasa aliyekuwa mtu wa kipaza sauti kwenye gari la sinema. Ukoo wao ni Walutheri waliokuja pwani kufuata kazi ya mkonge. Mzee alipata kazi ya kusemea picha kwa sababu ya sauti yake ya kanisani. Alipofariki, chini ya kitanda chake lilibaki kopo la bati lenye mkanda mmoja wa filamu. Edgar aliutuma Dar es Salaam kwa rafiki yake mwenye mashine, ukarudi ukiwa umeingizwa kwenye kompyuta.

Zeyana alipopata habari hizo hakulala vizuri kwa furaha. Aliona Mungu amemjibu. Ghadir angeona picha ile ile, yenyewe hasa, na mafunzo yangekamilika kabla ya shule kufunguliwa.

Edgar alikuja na kompyuta yake ya mapajani, akamwamkia Bibi shikamoo ya adabu, akaiweka mezani mbele yake. Kijana wa kuchorwa akatokea. Mgongo wake ulikuwa kwa watazamaji, mbele yake barabara imekatiza kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Akageuza shingo.

Bibi Mastura alijivuta nyuma kwenye kiti.

"Siye," alisema.

"Ni yeye, Bibi," Edgar alisema. "Babu yangu hakuwa na mwingine."

"Kofia ni yake. Kaptula ni yake. Lakini siye mwenyewe. Wangu hakuanza hivi." Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, kisha akaketi sawa na kujifunika ushungi. "Mwenzake huyu. Mzime."

Edgar alicheka kwa heshima, akadhani ni uzee. Zeyana hakucheka. Neno lile, "mwenzake", lilimwingia mwilini. Siku ile alipokuwa akikuna nazi aliona kana kwamba kuna vijana wawili wa kuchorwa, mmoja wa Bibi na mmoja wa watu wengine, na kwamba wote wawili wanamjua Ghadir.

Waliamua kuionyesha Jumamosi, baada ya swala ya Magharibi, uani kwa Zeyana, ili na watoto wa jirani wanufaike. Edgar alileta projekta yake ndogo ya harusini. Shuka jeupe likafungwa baina ya ukuta wa bafu na mpapai. Majirani walikuja na mikeka, Waislamu kwa Wakristo, na Semeni muuza maandazi akaja na beseni lake, maana hapo alinusa biashara.

Bibi Mastura alitoka ndani amevaa buibui kamili kana kwamba anakwenda mazikoni. Aliangalia mikeka, akaangalia shuka, akaonyesha kwa fimbo.

"Kiti changu kiwekwe kule nyuma."

"Nyuma ya shuka, Bibi?"

"Wanawake walikaa nyuma ya kitambaa, wanaume mbele penye mashine. Ndivyo sinema ilivyokuwa ikitazamwa kwetu. Mlitaka tuchanganyike na wahuni wa mkonge?" Alimgeukia Edgar. "Usinune, mwanangu. Babu yako alikuwa na adabu, simsemi yeye."

Watu walicheka, kiti kikabebwa. Kitambaa ni chepesi, picha inapita, hakuna aliyeona tatizo. Ghadir, asiyebanduka kwa bibi yake, alichukua andazi mkononi akaenda kukaa miguuni pake. Watoto kadhaa wakamfuata kwa sababu kukaa nyuma kulionekana kitu kipya. Zeyana alisimama pembeni, kwenye mpapai, mahali ambapo angeweza kuwaona wa mbele na wa nyuma.

Filamu haikuwa na sauti. Minazi yote ilikuwa na kimo kimoja. Kijana akaja, hana hili wala lile, akaingia barabarani bila kutazama. Gari likatoka kwenye pembe, taa zake ni macho. Halikupunguza mwendo. Kijana akalala barabarani bapa kabisa, na gari likasimama, likafumba macho polepole, likakaa hivyo muda mrefu kupita kiasi. Hakuna mtoto aliyecheka. Kisha kijana akajibandua barabarani kama chapati inayobanduliwa kwenye chuma, akajikung'uta, na akawageukia watazamaji. Aliwatazama. Aliendelea kuwatazama, akipepesa, akingoja, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia na mama yake akamfunika khanga.

Halafu akawapa mgongo, akaweka mkono kifuani. Edgar alijua maneno, kwa sababu babu yake aliyarudia kila Krismasi akishakunywa chai.

"Huku!" akapaza sauti.

Vichwa vyote vya uani viligeuka pamoja, vya mbele na vya nyuma, upande wa geti.

"Huku!" Vyote upande wa jiko. "Na huku tena!" Vyote upande wa geti.

"Ndiye!" Bibi Mastura alilia kutoka nyuma ya shuka. Alikuwa amesimama bila fimbo. "Ndiye huyu! Alhamdulillahi, ndiye!"

Watu wakapiga makofi. Zeyana naye aliinua mikono apige, na mikono ikabaki hewani. Alikuwa akimwangalia Ghadir. Andazi lilikuwa mkono wa kulia wa mtoto, mkono wa kulia ulikuwa upande wa jiko, na uso wa mtoto, macho yametolewa, ulikuwa umeelekea getini. Kushoto. Watoto wa mbele walitazama geti hilo hilo, na kwao lilikuwa kulia.

Alizunguka mpapai akaenda nyuma, akaona. Akarudi mbele, akaona. Mbele, magari yalishika upande wake kama yanavyoshika hapa kwetu, na kijana alianza kutazama kulia, kunakotoka gari la karibu, akamalizia huko huko kabla ya kuweka mguu chini. Nyuma ya shuka ilikuwa nchi nyingine. Magari yalipita upande usio wake, na kijana alianza kushoto akamalizia kushoto, na akafika ng'ambo salama, kwa sababu kwenye nchi ile ndiko gari lilikotokea. Wote uani walikuwa wamegeukia geti moja. Ndiyo maana usiku ule wa Tongoni hakuna mtu, mbele wala nyuma, aliyegundua lolote.

Alitoka nje ya geti mpaka ukingoni mwa lami, akasimama kama mtu anayetaka kuvuka, akaiacha shingo yake ifanye inavyojua. Ikaenda kushoto. Alijaribu tena, kwa kujisemesha kabisa, kulia, Zeyana, kulia, na shingo ikaenda kushoto kwanza kabla hajaikamata. Miaka yote darasani mdomo wake ulisema kulia na shingo ikaenda kushoto, na kwa kuwa alikuwa amewaelekea watoto, wao waliona sawa. Ameishi miaka yote hiyo kwa kudra za Mungu tu. Aliketi kwenye jiwe la uzio.

Pale kwenye jiwe ndipo alipomkumbuka Khalifa. Khalifa alikuwa mtoto wa kiume. Nafasi yake ilikuwa mbele, pamoja na baba yake. Kama aliijua kanuni ya nyuma, basi kuna mtu aliyempeleka nyuma.

Aliporudi, watu walikuwa wakiaga. Bibi alimshika mkono, uso umejaa furaha ambayo Zeyana hakuwahi kuiona.

"Sasa niambie. Mbona kwenye kompyuta alikuwa yule mwingine?"

Hapo ndipo Zeyana alipofanya kosa, na alilifanya kwa mapenzi, ambayo ndiyo njia yetu ya kawaida ya kukosea. "Ni kompyuta ya Edgar, Bibi," alisema. "Ilikuwa imeigeuza picha. Leo ameirekebisha."

"Nilijua mimi!" Bibi alisema. "Nilijua sijakosea."

Jumapili Zeyana alimchukua Ghadir pembeni. "Mama, sikiliza. Barabarani unaanza kutazama upande wa mkono unaolia chakula. Na unamalizia huo huo. Sawa?"

"Bibi anaanza huku," Ghadir alisema, na mkono ukaenda kifuani wenyewe.

"Bibi ana yake. Wewe fuata yangu."

Bibi Mastura alikuwa mlangoni. "Nini hiyo? Jana umeniambia kwa ulimi wako kompyuta ndiyo iliyogeuza. Sasa wamfundisha mtoto kwa ile iliyogeuka?" Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu ya mzee inatisha kuliko hasira yake. "Zeyana, n'nakusihi. Mimi nimemzika mmoja."

Maneno yalimfika Zeyana kwenye ulimi. Angesema nini? Kwamba mtoto yule alifanya vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, na kwamba kufundishwa ndiko kulikomuua? Alimtazama bibi yake, ile mikono iliyomuogesha na kumsuka, akashindwa. Akanyamaza. Bibi akachukua kunyamaza kule kuwa ni kukubali, na jioni nzima uani kukasikika huku, huku, na huku tena, mara nyingi kuliko siku zote.

Jumatatu Zeyana alivaa vizuri, akaaga, akatoka mapema kwenda kituoni. Hakwenda. Alijificha nyuma ya banda la Semeni, kando ya barabara, na kama shule mpya ingemwandikia barua siku ya kwanza, na imwandikie. Semeni alimwona, akataka kuuliza, akaona uso wake, akaendelea kugeuza maandazi.

Watoto wakaja na sare zao mpya. Ghadir alikuwa katikati, begi kubwa kuliko mgongo. Walifika ukingoni. Wenzake wakaangalia hovyo hovyo kama watoto wanavyoangalia, wakaliona lori la saruji linakuja kutoka kulia, wakasimama. Ghadir hakuwa pamoja nao tena. Alikuwa ameunganisha miguu, ameweka mkono kifuani, ameyatoa macho. Uso wake ulikuwa umefutika. Shingo ikageuka kwa mkupuo, kushoto, kulia, kushoto tena, haraka mno hata jicho lisipate nafasi ya kuona, na barabara ya kushoto ilikuwa nyeupe, tupu, safi kama ya kwenye picha. Akainua goti.

Zeyana hakujua alifikaje. Alijikuta ameshika begi kwa mikono miwili na wote wawili wako chini kwenye kokoto, na honi ya lori inapita juu yao pamoja na upepo wake wa moto. Vumbi likawafunika. Semeni alikuwa akipiga kelele za kumtaja Mtume.

Ghadir hakulia. Aliinua uso, uso wake wa kawaida, umeanza kushangaa.

"Mama," alisema. "Nilifanya yote."

Zeyana alimbeba mpaka nyumbani ingawa alikuwa mzito. Bibi Mastura alikuwa kitandani na tasbihi. Aliona magoti ya mtoto yanavyotoka damu, akaona vumbi kwenye nguo za mjukuu wake, tasbihi ikasimama.

Zeyana alikaa chini sakafuni. "Bibi, kompyuta haikugeuza kitu. Nilikudanganya." Kisha akamweleza, polepole, akilia waziwazi. Alichukua ushungi akautanda hewani, akamwomba Ghadir asimame upande mmoja na yeye upande mwingine, akanyoosha kidole, na kila mmoja akataja mkono. Kulia, alisema Zeyana. Kushoto, alisema Ghadir, akionyesha pale pale.

Bibi aliushika ushungi ule kwa vidole, akautazama upande huu, akautazama upande ule.

"Wavulana walikaa mbele," alisema.

"Bibi, hukujua. Hakuna aliyejua."

"Khalifa alikuwa mbele na baba. Alikuwa amekaa vizuri, ametulia. Mimi ndiye niliyemwendea. Nilitaka akae mapajani mwangu, picha ile ilikuwa inanitisha." Alitazama mapaja yake. "Nilimshika kichwa, n'kawa namgeuza. Huku, huku."

Chakula alikirudisha. Usiku Zeyana alisikia kutoka mlangoni pumzi yake tu, na zaidi ya mara moja alisikia shuka likichakarisha kwa namna ya mtu anayegeuza shingo kwenye mto. Mchana kutwa alikuwa amemfundisha Ghadir upya, na watoto wana baraka hiyo, alasiri shingo ya mtoto ilikuwa imeshasahau.

Asubuhi iliyofuata Bibi alitoka amevaa buibui, akasema apelekwe barabarani. Alikuwa hajafika ukingo ule kwa miaka; akisafiri, gari lilikuja mpaka getini. Walimshika huku na huku, Zeyana na Ghadir, wakapita kwa Semeni, wakasimama mahali lami inapoanza. Bibi akautoa mkono wake mkononi mwa Ghadir, akauweka kifuani.

Shingo ikaenda kushoto.

Alijua imekosea. Akairudisha katikati, akajaribu tena kwa nguvu, mshipa ukamtoka, na shingo ikaenda kushoto vile vile. Zeyana alitaka kumwambia basi, inatosha, turudi. Ghadir alikuwa ameshamshika kidevu bibi yake kwa vidole vyake vilivyojaa nta ya kalamu za rangi, akamgeuza taratibu.

"Siyo huko, Bibi. Huku kwanza."

Bibi Mastura akatazama kulia. Barabara ilikwenda imenyooka mpaka kwenye mikorosho, na huko mwisho kulikuwa na lori, dogo, halina hata sauti. Likakua. Ghadir akamwachia kidevu, Bibi hakugeuka. Alilifuata kwa macho tangu mikoroshoni, polepole, mpaka likawapita na kuwarushia vumbi, na baada ya kupita aliendelea kutazama kule lilikotoka.

"Kumbe linaonekana toka mbali hivi," alisema.